Kioo Juu ya Ufa

Juma hili tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wenu wa Kalemie mmekwisha kuliona kwa macho, nanyi wa mahali pengine mtaliona bila shaka, maana miji yetu yakua, na nyumba kuukuu zaondolewa ili mpya zipate nafasi. Nalo ni hili: jirani abomoapo nyumba yake, wewe ukaaye kando wajuaje kama nyumba yako inadhurika, au masikio ya watoto wako, au vifua vyao?

Kiangazi cha mwaka jana, katika mtaa tunamokaa, tajiri mmoja alinunua depo kuukuu ya matofali ya kuchoma, iliyojengwa zamani mji huu ulipokuwa ukiitwa Albertville. Paa lake lilikuwa limekwisha kuanguka, miti ilikuwa imeota ndani, na popo walikaa humo kwa wingi. Kuondolewa kwake kulikuwa jambo jema, hatusemi hapana. Lakini ukuta wake mrefu ulikuwa hatua sita tu kutoka nyumba ya mama mmoja mjane akaaye na wajukuu watatu, na ng'ambo ya njia kuna darasa tunamofundisha. Juma moja kabla ya kazi kuanza mama yule alitujia jioni, akasema: "Mwalimu, nyumba yangu ina nyufa za tetemeko. Wakiangusha ukuta ule nyufa zitapanuka, nami nikisema, wataniambia ni za zamani. Nitajibu nini?"

Mtu mgeni angeweza kulidharau swali hilo, lakini si mtu wa Kalemie. Siku ya Jumatatu, tarehe 5 Desemba 2005, baada ya saa nane mchana, ardhi iliyo chini ya ziwa letu ilitikisika kwa nguvu ya 6.8, na mtikisiko ule ulisikiwa mpaka Tanzania na Kenya. Hapa mjini nyumba zilianguka na watu walikufa. Sisi tulikuwa bado wanafunzi wakati ule, na tunakumbuka jinsi watu walivyolala nje usiku kwa kuogopa dari zao. Tangu siku hiyo ni vigumu kuona hapa nyumba ya miaka ile isiyo na ufa juu ya dirisha au kwenye pembe ya mlango. Basi ufa hauna cheti cha kuzaliwa. Ukiutazama tu huwezi kusema kama ulizaliwa mwaka 2005 au juzi, na kwa sababu hiyo mwenye kubomoa aweza daima kulitupia tetemeko mzigo wake, hata pengine kwa moyo safi, asijue mwenyewe.

Tulikwenda kumwuliza mwashi mmoja mzee ambaye zamani alitengeneza nyumba za watu wa reli. Alicheka kidogo, akasema kwamba jibu ni kipande cha kioo. Chukueni, alisema, kioo chembamba cha dirisha, upana wa vidole viwili, urefu wa kiganja. Kwangueni lipu pande zote mbili za ufa mpaka tofali lionekane, kisha kiwekeni kioo kikingame juu ya ufa, na kila ncha mwishikize kwa saruji au jasi. Andikeni tarehe juu yake. Kioo hakinyumbuki, basi ukuta ukisogea hata kidogo sana, chapasuka. Kisipopasuka, ukuta umetulia, na mwenye nyumba na alale usingizi. Desturi hii ni ya zamani sana kwa wajenzi wa Ulaya, na hata leo wangali wanaitumia, ijapokuwa wengine hutumia vipimo vya plastiki vyenye mistari, vinavyoonyesha milimita na sehemu zake.

Lakini mzee yule aliongeza neno ambalo lilikuwa na thamani kuliko kioo chenyewe. Alisema: kazi hii ifanyike kabla ya nyundo ya kwanza, tena mbele ya mashahidi. Basi tulimwita mkubwa wa mtaa, naye akamwita kapita wa wale wabomoaji. Kapita alikuja kwa uso mzito, akidhani anashtakiwa kabla hajakosa. Tulimweleza kwamba kitabu hiki kitamlinda yeye pia, kwani mama huyu hataweza kumdai hata senti kwa ufa uliokuwapo tangu zamani. Hapo uso ulifunguka. Tukapita chumba hadi chumba na daftari ya shule: ukuta upi, ufa unaanzia wapi na kuishia wapi, urefu kwa futi ya mwashi, upana kwa milimita. Tukapiga picha kwa simu, rula ikiwa imewekwa kando ya ufa. Nyufa zilikuwa kumi na moja. Vioo vilikuwa vinne, tukaviweka juu ya zile zilizo kubwa. Watu watatu wakaandika majina yao chini ya ukurasa.

Yafaa sasa tueleze kidogo habari ya mtetemo, kwa maana watu wengi wanaufahamu vibaya. Wanaopima kwa vyombo hawaulizi hasa ardhi imesogea umbali gani, bali inakwenda na kurudi kwa kasi gani, nao huihesabu kwa milimita katika sekunde moja. Mwili wa binadamu ni chombo kikali sana: mtu aliyekaa kimya nyumbani aweza kuusikia mtetemo wa 0.3 tu, na ukifika 1 ataanza kulalamika. Lakini nyumba ya kukaa watu, iliyojengwa vizuri, kwa kawaida haidhuriki hapo. Wajerumani katika kanuni yao iitwayo DIN 4150 wameweka mpaka wa 5 kwenye msingi wa nyumba za kukaa, mtetemo ukiwa ni wa polepole. Kwa majengo dhaifu ya kale yanayohitaji kutunzwa wameshuka mpaka 3, na kwa majengo ya viwanda wamepanda mpaka 20. Serikali ya Kenya nayo, katika kanuni zake za mwaka 2009 juu ya kelele na mtetemo, imekataza kupita nusu sentimita kwa sekunde nje ya mpaka wa kiwanja, nayo ni 5 ile ile.

Angalieni basi. Vikombe vyaweza kugongana kabatini, mtoto aweza kulia, bibi aweza kutoka mbio na rozari mkononi, na nyumba isiwe imeumizwa hata kidogo. Hofu yetu ni ya kweli, lakini si ushahidi. Ndiyo sababu katika miji yenye fedha wanaweka chombo cha kupimia mtetemo chini ya ukuta wa jirani, nacho huandika mchana kutwa, na kikifika kiasi fulani hupiga kengele ili kazi isimame. Mambo mawili, hata hivyo, yatupasa sisi kuyafikiri zaidi ya Wajerumani. La kwanza, tarakimu zile hazikuwekwa kwa ajili ya nyumba za tofali mbichi zilizounganishwa kwa udongo, ambazo ni nyingi katika mitaa yetu; nyumba ya namna hiyo huvunjika kabla ya nyingine. La pili, sehemu ya chini ya mji imejengwa juu ya mchanga wa ziwa, na mchanga uliolegea, ukitikiswa mara nyingi, hushuka na kujipanga upya kama unga katika debe. Msingi ulio juu yake hushuka nao, tena si sawasawa kila upande.

Kazi ilianza. Siku mbili vijana walipanda juu na nyundo za mkono, wakaondoa tofali safu kwa safu kutoka juu kwenda chini, kama inavyotakiwa. Mama aliona kwamba ameogopa bure. Siku ya tatu ilikuja mashine ya kukodi, na kwa kuwa mashine hulipwa kwa saa, kila mtu alikuwa na haraka. Badala ya kuumega ukuta kidogo kidogo, waliusukuma kipande kizima, nacho kikaanguka chini kwa mara moja. Sisi darasani tulisikia sakafu ikiruka. Watoto wote waliinama chini ya madawati bila kuambiwa, kwa maana katika mji huu hata wale waliozaliwa baada ya tetemeko wamefundishwa na wazazi wao.

Jioni tulikwenda kutazama vioo. Vitatu vilikuwa vizima. Cha nne, cha jikoni, kilikuwa kimekatika katikati kama biskuti. Kapita akasema neno lile lile alilolitabiri mama: "Huu ni ufa wa tetemeko." Na kweli ulikuwa wa tetemeko, wala hatukumkatalia. Lakini daftari ilisema kwamba ulikuwa na upana wa milimita 2, na sasa rula ilionyesha 3 na nusu. Kapita aliitazama sahihi yake mwenyewe kwa muda, akanyamaza. Siku iliyofuata mwenye mali alileta mifuko ya saruji na mwashi wa siku mbili, na ukuta wa jikoni ukashonwa. Juu ya vyumba vile vingine mama hakudai neno, kwani vioo vyake vilikuwa vimemshuhudia kinyume. Tangu siku ile waliumega ukuta kwa vipande vidogo, na chini wakatandika kitanda cha kifusi laini ili kinachoanguka kisipige ardhi ngumu. Mtikisiko haukusikika tena darasani.

Kama mambo yangaliishia hapo, tungaliiandika habari hii kwa furaha tupu. Lakini mjukuu mdogo wa mama yule, mtoto wa miaka minne, alianza kukohoa juma lile lile, na usiku kifua chake kilipiga filimbi. Alipelekwa zahanati mara mbili, akapewa dawa, akapata nafuu, akarudi kukohoa. Mama alipomwendea mwenye mali, jibu lilikuwa fupi: watoto wote hukohoa wakati wa kiangazi. Nasi hatukuwa na la kujibu, kwa sababu kwa ajili ya kuta tuliandika ukurasa mzima, lakini kwa ajili ya vumbi hatukuandika hata mstari mmoja. Twaona haya kulisema, sisi tunaojiita walimu.

Vumbi la kubomoa si moja. Lile uonalo likielea kama moshi, likikwama puani na kooni, ni zito, nalo hushuka upesi. Lile baya ni dogo kuliko macho yetu. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 50 hadi 70. Chembe zilizo chini ya 10 huingia katika njia za pumzi, na zile zilizo chini ya 2.5 hufika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya la Ulimwengu, katika maongozi yake ya mwaka 2021, lashauri kwamba hewa ya siku nzima isizidi mikrogramu 45 za chembe za 10 katika kila mita moja ya ujazo. Tena katika tofali, mchanga na saruji mna silika, ile iliyo katika mawe. Mtu aivutaye miaka mingi, kama mvunja mawe au mkata saruji, mapafu yake hujaa makovu, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuondoa. Hatari hiyo ni hasa ya wafanyakazi, wala tusimtishe kila mpita njia. Lakini mtoto mwenye pumu hahitaji miaka. Siku tatu zamtosha.

Siku hizi kuna vyombo vidogo vinavyohesabu chembe kwa mwanga, navyo si ghali kama zamani. Asiye navyo na aweke sahani nyeupe zilizopakwa mafuta kidogo, moja dirishani upande wa kazi, nyingine mbali upande wa pili wa nyumba, azilinganishe kila jioni na kuandika. Haitampa mikrogramu, lakini itaonyesha siku ipi vumbi lilizidi na lilitoka wapi. Na dawa yenyewe yajulikana: maji. Ukuta ulowekwe kabla ya kupigwa na wakati wa kupigwa, kifusi kinyunyiziwe kabla ya kupakiwa, na lori lifunikwe turubai. Kukosa maji katika mji uliokaa juu ya ziwa kama hili letu ni udhuru ambao hatuwezi kuukubali. Kitambaa kilichofungwa puani humfariji mfanyakazi kuliko kinavyomlinda. Barakoa ya kuchuja chembe ndogo ndiyo ifaayo.

Na ukiona juu ya paa kuukuu mabati ya kijivu yasiyo ya chuma, mazito, yanayovunjika kama chungu, simamisha kazi kwanza. Zamani mengi ya namna hiyo yalichanganywa na asbesto, na nyuzi zake zikivutwa huleta kansa baada ya miaka mingi. Yasipigwe nyundo. Yaloweshwe, yafunguliwe mazima, yafungwe katika plastiki nene, yazikwe mahali palipoonyeshwa na serikali. Jirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 2011 kuyaondoa katika nchi yao yote.

Juu ya upepo tulibishana sana na walimu wenzetu. Kiangazi upepo wa kusini-mashariki hutoka ziwani na kuja mjini, hasa mchana, nao hupandisha vumbi lote milimani kwenye nyumba za watu. Alfajiri upepo hutulia, au hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa vumbi, basi, yafaa kubomoa mapema asubuhi. Lakini asubuhi ndiyo saa ya masomo! Mmoja wetu alisema, wangoje likizo kubwa ya Julai na Agosti. Naam, watoto hawapo darasani, lakini wapo nyumbani, na miezi hiyo ndiyo mikavu kupita yote. Mwingine alisema, wabomoe wakati wa masika, matone yalazimishe vumbi chini. Lakini ukuta uliolowa mvua huanguka usipotazamia. Mpaka leo hatukukubaliana. Sisi wenyewe twachagua likizo, asubuhi, na maji mengi, tukijua kwamba si chaguo kamili.

Maana kelele nazo si mchezo. Hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake si kama ya mahindi: ukiongeza 3 tu, nguvu ya sauti imezidi mara mbili. Masikio ya mfanyakazi huweza kuvumilia 85 kwa saa nane. Kwa 88 apewe saa nne. Na kwa 100, ambazo nyundo ya hewa huzipita kwa urahisi, robo saa yatosha. Vijana tuliowaona walifanya kazi kutwa bila hata pamba masikioni. Kwa ndani ya darasa, Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri mwaka 1999 kwamba kelele zilizopo nyuma ya sauti ya mwalimu zisizidi 35 wakati wa masomo, na kanuni za Kenya zaruhusu kazi za ujenzi karibu na shule zifike 60 mchana. Sisi tuliweka simu juu ya dawati la mbele, madirisha yakiwa wazi, nayo ikacheza kati ya 70 na 80. Simu si chombo cha kuaminiwa mbele ya hakimu, lakini sauti yetu wenyewe ilituambia: mwalimu husema kwa 60 na kidogo, basi siku ile wanafunzi wa nyuma walituona tukifungua midomo tu. Tuliandika somo lote ubaoni. Jambo hilo, baada ya kumwonyesha kapita tarakimu, lilitupatia saa mbili za kimya kila siku kwa ajili ya hesabu na Kifaransa.

Wengine watauliza, je, sheria yasemaje kwetu? Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano na madeni, katika kifungu cha 258, yasema kwa kifupi kwamba yeyote amdhuruye mwenzake kwa kosa lake, sharti alipe. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya kuyalinda mazingira nayo ipo. Lakini kifungu chahitaji ushahidi, na ushahidi wa kubomoa hutoweka pamoja na kifusi. Mwenye kuanza kuandika baada ya kudhurika amechelewa nusu ya kesi.

Twaliandika hili sasa kwa sababu kazi iliyo mbele ni kubwa kuliko depo moja. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, liliingia katika nyumba nyingi za pwani, na kuta zake zikanywa maji. Nyumba zilizoharibika namna hiyo hazina budi kuondolewa, na nyingi zimeshikana na nyumba nzima. Ukuta ulioshikana na wa jirani usivutwe kwa mashine kabla haujakatwa kwa mkono na kutengwa. Na mchanga uliolowa, tumekwisha kuueleza. Mkisikia kwamba kazi yaja mtaani, nendeni kwanza kwa kapita, kwa heshima, na daftari mkononi. Kisha kwa mkubwa wa mtaa. Na wakikataa wote wawili, ndipo kwenye komini. Kioo kilichovunjika cha dirisha hupatikana kwa fundi bure, naye huwa na furaha kukiondoa mlangoni pake.

Mjukuu yule alikohoa mpaka mvua za kwanza, na sasa hajambo. Bibi yake ameviacha vioo vitatu ukutani, asema ni kwa ajili ya jirani wa upande wa pili, ambaye naye ameanza kupima kiwanja. Safari hii ameweka na sahani mbili.

Juma lijalo tutajibu barua za wasomaji wawili wa Moba na Nyunzu waliouliza habari za kuhifadhi mahindi yasiliwe na fukusi.